Simu Uliyo Nayo Inatosha Kuanza Kuchora

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wachoraji, wazazi na walimu wa Migori na Homa Bay. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

Ninatumia Kiswahili kwa sababu humu ukumbini wamo Wajaluo, Wakuria, Wasuba na Waluhya, na sitaki mtu arudi nyumbani akiwa ameelewa nusu.

Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua programu ya kuchora kidijitali, na namna ya kujifunza kuitumia, kwa mtu anayeanza kwa kuchora wahusika anaowapenda. Naruto, Black Panther, mchezaji wa Gor Mahia, mwanamuziki wa ohangla. Kazi ya namna hiyo huitwa sanaa ya mashabiki. Kuna mzazi aliyenisimamisha pale mlangoni akaniuliza kama huu si mchezo tu wa kumaliza bando. Mama, swali lako ni zuri na nitalirudia. Kwa sasa nikukumbushe matatu zinazopita hapo nje. Zile sura za wanasoka na wanamuziki zilizochorwa ubavuni ni sanaa ya mashabiki, na waliozichora walilipwa.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni hili: "Ninunue nini?" Jibu langu ni kwamba kwa miezi mitatu ya kwanza usinunue chochote. Ninalisema mbele ya wazazi makusudi, kwa sababu tunajua kinachotokea nyumbani. Kijana anatazama video ya mchoraji wa ng'ambo, anaona iPad na kalamu yake nyeupe, anaamini hicho ndicho kinachochora. Mzazi anaombwa makumi ya maelfu ya shilingi katika muhula ambao karo bado haijaisha. Akikataa, kijana anaweka penseli chini na kusema kipaji chake kimezimwa. Wote wawili wanaumia kwa jambo lisilo na haja.

Edward Gitau aliwachekesha Wakenya kwa miongo mingi na Juha Kalulu wake katika Taifa Leo, na kazi hiyo aliianza kwa wino na karatasi. Gado, ambaye alizaliwa Dar es Salaam akaja kuchora katuni katika gazeti la Daily Nation kuanzia 1992, aliingia katika kazi hiyo akiwa na mkono uliokwisha kuzoea karatasi. Mkono ndio wa kwanza, chombo hufuata. Chombo mlicho nacho wengi wenu ni simu, basi tuanze na simu.

Kwa simu ya Android, programu ninayowashauri wanaoanza waichukue ni ibisPaint. Imetoka Japani, ni ya bure, na ukishaiweka unaweza kuchora hata pale Muhuru Bay mtandao unapokatika. Ubaya wake ni matangazo. Baadhi ya brashi zimefungwa mpaka utazame tangazo, na hapo ndipo bando linapoliwa. Dawa yake ni rahisi: zima data ukiwa unachora. Brashi zilizobaki wazi zinakutosha kabisa. Mchoraji anayeanza anahitaji brashi tatu, moja ya mistari, moja ya kujaza rangi na moja laini ya vivuli. Nimeona vijana wakikusanya brashi kama kadi za wachezaji, na kwenye turubai bado hakuna kitu.

MediBang Paint nayo ni ya Japani, inapatikana bure na inafanana na hiyo. Ukishaizoea mojawapo, baki nayo. Kuhama hama ndiko kunakochelewesha watu. Kila programu ina vitufe mahali pake, na ukibadilisha kila wiki unabaki kuwa mwanafunzi wa vitufe.

Ukiwa na laptopu, au shule yenu ikiwa na chumba cha kompyuta ambacho mwalimu anakubali kifunguliwe saa za klabu, basi chukueni Krita. Hii imetengenezwa na wachoraji na waandishi wa programu wanaojitolea pamoja na wachache wanaolipwa kwa michango. Ni ya bure kihalali, siku zote, bila matangazo na bila kujisajili. Ichukueni kwenye tovuti yao wenyewe, krita.org. Kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni Krita hiyo hiyo inauzwa, na pesa zinakwenda kuwasaidia, lakini si lazima kulipa. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itaiendesha ikiwa hukuilemea. Krita ina toleo la Android pia, ila limepangwa kwa skrini ya kishikwambi. Kwenye simu ndogo vitufe vinabanana mpaka unachoka.

Kuna wanaoniambia, "Lakini wakubwa wanatumia Procreate." Ni kweli, ni programu nzuri na hulipiwa mara moja tu. Lakini inafanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee, na gharama yenyewe ni kifaa. Wengine wanataja Photoshop. Tangu 2013 kampuni ya Adobe iligeukia malipo ya kila mwezi, na mtu asiye na kipato cha kila mwezi hana sababu ya kujifunga hivyo.

Hapa ndipo ninaomba wazazi wanisikilize sana. Kwa kuwa Photoshop ni ghali, kijana anakwenda kutafuta ile "iliyovunjwa". Anaipata kwenye flashi ya rafiki, au anapakua faili ya APK kutoka kikundi cha Telegram inayodai kufungua kila kitu bure. Simu hiyo anayoiwekea huenda ni ya mama, na ndani yake mna M-Pesa, jumbe za benki na picha za kitambulisho. Programu ya kuchora haina sababu hata moja ya kuomba kusoma SMS zako. Ikiomba, ifute hapo hapo. Tabia ya kuweka programu za wizi inaweza kula pesa za duka zima la mama, na hakuna mchoro unaolingana na hasara hiyo, hasa wakati za halali zipo bure.

Sasa tuingie katika kujifunza.

Jambo la kwanza linalotenganisha kuchora kidijitali na karatasi ni tabaka. Fikirieni karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ina mchoro wa haraka wa penseli. Juu yake una mistari safi. Chini ya mistari una rangi, na juu ya rangi una vivuli. Ukiharibu vivuli, unafuta vivuli tu, mistari inabaki salama. Anayechora kila kitu kwenye tabaka moja atalia siku atakapotaka kubadilisha rangi ya jezi kutoka kijani hadi nyeupe.

Lakini tabaka zina gharama yake, na hii ndiyo sababu simu zenu zinaganda. Karatasi ya A4 yenye ubora wa kuchapishwa ni pikseli 2480 kwa 3508. Zidisha, unapata pikseli karibu milioni 8.7. Kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti 4, kwa hiyo tabaka moja lililojaa linakula takriban megabaiti 35 za kumbukumbu. Ukiwa na tabaka 10 umefika 350. Simu yenye RAM ya GB 2, ambayo pia imefungua WhatsApp na TikTok, itakufungia programu katikati ya kazi. Basi wakati wa mazoezi tumia turubai ndogo, pikseli 1080 kwa 1350 inatosha kwa skrini, na ufunge programu nyingine. Turubai kubwa iache kwa kazi ambayo unajua itachapishwa. Na uamue mwanzoni, kwa sababu picha ndogo ukiivuta iwe kubwa inakuwa ukungu.

Jambo la pili ni mstari. Kidole ni kinene na skrini inateleza. Ndani ya programu hizi kuna mpangilio wa kutuliza mstari, unaoufanya uifuate ncha ya kidole polepole na kuondoa mtetemo. Uweke juu kidogo mwanzoni, kisha uupunguze mkono unapopata nguvu. Kuna pia kalamu za bei ya chini zenye ncha ya mpira zinazouzwa kwenye vibanda vya simu. Zinasaidia uone unapochora, lakini simu inazihesabu kama kidole tu. Hazijui kama umekandamiza au umegusa kidogo. Ukitaka mstari unaonenepa na kukonda kwa uzito wa mkono, unahitaji simu au kishikwambi chenye kalamu yake maalumu, au kibao cha kuchorea kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Wacom, Huion na XP-Pen wanavitengeneza, na vile visivyo na skrini ndivyo vya bei nafuu. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningemruhusu kijana aombe nyumbani, baada ya ile miezi mitatu, akiwa na michoro 20 iliyokamilika ya kumwonyesha baba. Nimesema iliyokamilika. Macho 50 ya anime bila mwili si mchoro.

Na hapo tumefika kwenye ugonjwa wa wachoraji wa mashabiki. Wanachora uso tu, umegeuka upande mmoja, mikono imefichwa mfukoni kwa sababu vidole ni vigumu. Programu haitibu ugonjwa huo. Unatibiwa na kutazama. Kaa stendi kwa nusu saa, chora waendesha boda boda wakisubiri abiria, namna mgongo unavyopinda, namna mguu mmoja unavyoshika ardhi. Nenda ufuoni Mbita au Sori asubuhi, chora akina mama wakianika omena, wameinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka. Huwezi kupata mkao huo katika katuni ya Japani. Ukirudi nyumbani, mpe Naruto mkao huo. Utashangaa atakavyoonekana mwenye uzito.

Kunakili kazi ya mwingine ili ujifunze si dhambi, mradi ibaki daftarini mwako au useme wazi umenakili wapi. Nawapendekezea hazina moja ambayo wengi hamuijui. Mfaransa David Revoy amekuwa akichora hadithi ya picha iitwayo Pepper&Carrot tangu 2014 kwa Krita, na ametoa bure hata faili zake zenye tabaka zote. Unaweza kuifungua, ukazima tabaka moja moja, ukaona jinsi alivyopanda kutoka mchoro wa haraka hadi picha nzima. Kwangu mimi hilo linapita mafunzo mengi ya video. Tena leseni yake inakuruhusu kuchora wahusika wake na hata kuuza, ukimtaja tu.

Hilo linatuleta kwenye sheria, na sitapita haraka kwa sababu wapo humu wanaouza fulana.

Nchini Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Haki ya mchoro ni ya aliyeuumba, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Naruto aliumbwa na Masashi Kishimoto, ilianza kuchapishwa 1999, na mwenyewe yu hai. Kumchora Naruto kwa mazoezi yako binafsi hakuna atakayekusumbua. Kumchapisha kwenye fulana 100 na kuziuza sokoni Rongo ni biashara ya mali ya mtu mwingine, hata kama mistari yote uliivuta wewe. Wengine watasema, "Mbona Nairobi wanauza kwenye maonyesho?" Wengi wa wenye mali hunyamaza kwa sababu mashabiki huwatangazia kazi. Kunyamaza si ruhusa, na siku wakiamua kuuliza, atakayeulizwa ni wewe.

Sheria hiyo hiyo inakulinda wewe. Mhusika uliyemuumba mwenyewe ni wako tangu ulipomchora, hata kabla ya kumsajili. Ukitaka ushahidi wenye nguvu, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, inasajili kazi. Kwa wakati huu, tunza faili yenye tabaka zake. Mwizi anaweza kuchukua picha yako mtandaoni akafuta sahihi, lakini hawezi kuonyesha mchoro wa penseli ulio chini ya rangi. ibisPaint hurekodi pia video ya jinsi mchoro ulivyokua, nayo itunzwe.

Na kwa nini tusichore mashujaa wetu? Gor Mahia wuod Ogada, ambaye timu ilichukua jina lake mwaka 1968, ni wa Kanyamwa, huko huko Ndhiwa. Wazee wanasimulia alivyoweza kujigeuza umbo, mara mzee, mara mnyama. Ninyi mnaopenda wahusika wanaobadilika, hapo kuna kazi ya mwaka mzima. Kule Gwassi kuna Nyamgodho wuod Ombare, mvuvi aliyemtoa mwanamke mzee ziwani akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana, na mwanamke yule akarudi majini na mifugo yote ikimfuata. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa ambalo husemwa ni kijiji kilichozama. Vijana wa Kuria, nani amemchora vizuri mpiga iritungu? Na nyinyi wa Nyatike mnayo Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zake za mawe, nyingine zenye urefu wa mita 4 na zaidi, zimesimama bila saruji wala udongo wa kushikiza. Kazi nzuri ya mazoezi ni kuchora mita moja tu ya ukuta ule, jiwe kwa jiwe, bila brashi ya mawe iliyotengenezwa tayari. Utaelewa kwa nini haujaanguka.

Shujaaz ilipoanza 2010 kama hadithi ya picha iliyosambazwa na gazeti, ilizungumza Sheng na kuchora mitaa ambayo vijana wanaijua. Mwaka 2012 ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Katika Kizazi Moto, filamu fupi 10 zilizotoka Disney+ mwaka 2023, mwongozaji wa Kenya Ng'endo Mukii alileta hadithi ya Enkai. Hawa wote waliingia kwa hadithi za kwao.

Tahadhari moja tu. Hadithi hizi hazina mwandishi mmoja, lakini zina wenyewe. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inatambua haki ya jamii, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuziandikisha. Chora, taja hadithi imetoka wapi, na kampuni ikija kutaka kununua, pitia kwa wazee na ofisi ya utamaduni kabla ya kutia sahihi.

Mama wa mlangoni, sasa nakujibu. Je, kuna riziki? Ipo, lakini nyingi haipo kwa Naruto. Ipo kwenye bango la duka, nembo ya chama cha akiba, kadi za harusi, vielelezo vya vitabu vya watoto, mabango ya kampeni ya malaria. Kijana anayejua tabaka, saizi ya karatasi na kupeleka kazi kwa wakati anaweza kufanya haya yote kwa mkono ule ule aliouzoeza kwa kumchora Naruto. Na katika sekondari pevu sasa upo mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hiyo mwanao akiwa na daftari la kazi njema, mwalimu ana mahali pa kumwelekeza. Kumaliza bando kutakuwepo kidogo. Siwezi kukudanganya.

Mambo ya uchapishaji nayataja kwa sababu ofisini kwetu tunapokea michoro. Rangi za skrini ni za mwanga, za mashine ni za wino. Samawati inayong'aa kwenye simu itatoka imefifia kwenye karatasi. Chapisha nakala moja kwanza kabla ya kulipia 50. Ukituma mchoro kwa WhatsApp, usiutume kama picha, kwa kuwa unabanwa na kupoteza ubora. Utume kama dokumenti. Hifadhi nakala mbili, moja ya PNG ya kuonyesha watu na moja ya PSD yenye tabaka. ibisPaint inaweza kutoa PSD na Krita itaifungua, kwa hiyo unaweza kuanzia kwenye simu na kumalizia kwenye kompyuta ya shule. Na kabla hujafuta programu ili kupata nafasi, toa kwanza michoro yako yote uihamishe. Programu ikifutwa, inaweza kuondoka nayo.

Mwisho wa mwezi huu jarida lina nafasi ya ukurasa mmoja wa michoro. Tumeni mhusika kutoka hadithi ya kwenu, A4, PNG, pamoja na jina la kijiji ilikosimuliwa. Walio chini ya miaka 18 waje na ridhaa ya mzazi iliyoandikwa.

Krita ina uzito wa zaidi ya megabaiti 100, na najua bei ya bando. Faili nimeipakua kutoka tovuti yao, iko kwenye hizi flashi tatu hapa mezani. Wenye laptopu jipangeni upande wa dirisha, wenye simu mkae na mwalimu wa kompyuta pale nyuma. Tuna saa moja na nusu kabla ya ukumbi kufungwa.